Machu Picchu: dhana potofu zinazoharibu safari kabla hujapanda ndege

“Kule juu hewa ni nyepesi, utaumwa.”

Utaumwa, lakini si huko. Machu Picchu, magofu ya mji wa Wainka, waliotawala milima ya Peru kabla ya Wahispania, yako mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Mandara, kambi ya kwanza ya wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Panapotesa ni Cusco, mita 3,400 hivi, ambako wageni wengi hutua wakitokea Lima, mji wa pwani. Kwa mruko wa saa moja na ushee umetoka baharini hadi milimani. Kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, usingizi hauji.

Dawa ya kwanza ni ratiba. Ukitua Cusco, shuka siku hiyohiyo hadi Urubamba au Ollantaytambo, chini ya mita 2,900, ulale huko. Nenda Machu Picchu, halafu urudi kuitembelea Cusco mwili ukiwa umeshazoea. Chai ya majani ya koka, mmea unaotoa kokeini, utakaribishwa kila hoteli, na ni halali Peru. Majani yenyewe usiyatie kwenye begi la kurudi nyumbani, na kama kazini mnapimwa dawa za kulevya, ujue hata kikombe kimoja kinaweza kuonekana kwenye mkojo.

“Tiketi nitakata getini.”

Getini haziuzwi. Tiketi hukatwa kwenye tovuti ya serikali ya Peru, kwa jina na namba ya pasipoti, tarehe na saa. Zipo chache zinazouzwa ana kwa ana katika mji ulio chini ya mlima, Aguas Calientes, ila hizo ni za foleni na bahati, na mara nyingi unapewa ya kesho. Kikomo ni watu 4,500 kwa siku za kawaida na 5,600 siku za msimu wa watalii wengi.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani tiketi ni moja tu. Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu ya kupita ndani ya magofu, iliyogawanywa katika njia 10, na tiketi yako ni ya njia moja. Ile picha maarufu inayoonyesha mji wote hupigwa kwenye mzunguko wa 1 na wa 2. Wa 1 unakuonyesha mandhari bila kukushusha kwenye majengo. Wa 3 hupita sehemu za chini, na huwezi kukata kona ukapande juu. Mimi ningechagua wa 2, unaokupa vyote viwili. Ukishatoka huingii tena, na vyoo viko nje ya lango. Basi anza na tiketi ya kuingia, ufuatie treni, ndege iwe ya mwisho. Wengi hugeuza mpango huu, wakafika Peru na kukuta nafasi zimejaa.

“Ni mji uliopotea, Bingham akaugundua.”

Hiram Bingham, mpelelezi Mmarekani, alipelekwa pale tarehe 24 Julai 1911 na mkulima wa huko, Melchor Arteaga, akakuta familia zinalima kwenye matuta yaleyale ya Wainka. Ukutani palikuwa na jina la Agustín Lizárraga, mkulima wa Peru aliyemtangulia, na mwaka 1902. Bingham alidhani amepata Vilcabamba, ngome ya mwisho ya Wainka. Hiyo iko Espíritu Pampa, ambako alipita mwaka huohuo asiitambue. Machu Picchu yalikuwa makazi ya kifalme ya Pachacuti, mfalme wa Wainka, karne ya 15, yenye watu mia kadhaa tu.

“Lazima utembee siku nne.”

Hapana. Treni ya kutoka Ollantaytambo inakufikisha Aguas Calientes, na basi linapanda kona kwa kona hadi langoni kwa chini ya nusu saa. Njia ya Inka, kilomita 42 hivi, ni ya wanaopenda kutembea. Inapita Warmiwañusqa, kipito cha mlimani kilicho zaidi ya mita 4,200. Bila wakala mwenye leseni hupiti, na vibali ni vya watu 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwa ndani ya hesabu hiyo.

“Februari pamefungwa.”

Kinachofungwa ni njia hiyo ya miguu, kwa matengenezo. Magofu yenyewe yako wazi, ingawa mvua na ukungu vinaweza kukunyima picha. Kiangazi ni Mei hadi Septemba, lakini usiku wa Juni mjini Cusco baridi hukaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo beba sweta zito. Begi la mgongoni lisizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Kubwa zaidi utaliacha langoni kwa malipo.