Kwanza Nionyeshe Hati ya Amri

"Mwanangu, yule ni mwanajeshi, serikali itamtibu," aliniambia mama mmoja wa Tanga juma lililopita, baada ya shikamoo yangu, nilipomuuliza mwanawe ana bima gani huku Marekani. Kijana ni askari wa akiba, hapati usingizi usiku, na mimi mnasihi wa wanajeshi nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno kuendelea kulinyamazia.

Askari anayekwenda mazoezini wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka hana bima ya bure ya jeshi kwa siku zilizobaki. Aghalabu anaruhusiwa kununua TRICARE Reserve Select, bima ya afya ya jeshi kwa askari wa akiba, kwa ada ya kila mwezi, basi.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kudhani kwamba kombati ndiyo inayoamua. Wachukue Walinzi wa Taifa (National Guard, askari wa akiba wa majimbo) wawili wanaojaza viroba vya mchanga kwenye mto uleule uliofurika, wakaopoa maiti ileile: aliyeitwa kwa amri ya shirikisho, chini ya Sehemu ya 10 ya sheria za shirikisho (Title 10), kwa zaidi ya siku 30, hupata bima sawa na askari wa kudumu, ilhali aliyeitwa na gavana kwa fedha za jimbo haipati, na hutegemea sheria za jimbo lake. Ndoto mbaya zitawajia wote wawili bila kusoma hati ya amri iliyowaita kazini. Karani wa mapokezi hospitalini ataisoma.

Ndiyo maana mara nyingi huwaelekeza Vet Center, vituo vya unasihi vilivyoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya waliopigana Vietnam, ambavyo sasa huwapokea pia askari wa akiba walioitwa kwenye maafa fulani, hata kwa amri ya gavana, tena bila malipo. Usiku wa hatari hausubiri hati yoyote: piga 988, simu ya Marekani ya msaada kwa anayefikiria kujiua, kisha bonyeza 1 upate huduma ya wanajeshi.

Nakiri jambo moja linanikosesha raha. Huwaambia vijana kwamba kutafuta tiba hakuvunji kazi ya jeshi, nami naamini hivyo kwa jumla. Lakini mmoja wao anaponiuliza kama amweleze kamanda anayemwona siku mbili tu kwa mwezi, husita, na kusita kwangu anakuona.

Hati ya yule kijana bado sijaiona. Mama anasema iko kwenye buti la gari, chini ya viatu vya mazoezi.