Joto fiche ni nini?

Swali lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ninayemfundisha tuisheni Mbagala. Tulikuwa uani, tumeinjika sufuria la maji kwenye jiko la mkaa, yeye ameshika kipimajoto anasoma namba kila baada ya dakika moja. 60. 75. 90. 98. Maji yalipoanza kutokota, namba ikafika 100 ikaganda hapo. Akachukua ufuniko wa ndoo akapepea moto mpaka mkaa ukawa mwekundu wote. Bado 100. Akanigeukia: "Mwalimu, kipimajoto kimekufa?"

Hakijafa. Kilikuwa kinaonyesha kitu kinachoitwa joto fiche, na kwangu hiyo ni moja ya dhana tamu kuliko zote katika fizikia ya sekondari. Inaniuma kuona wanafunzi wanaikariri kwa ajili ya mtihani tu, ilhali iko jikoni kwao kila siku.

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Jotoridi ni ile namba ya kwenye kipimajoto. Inatueleza molekuli za kitu, yaani chembe ndogo sana zinazokiunda, zinakwenda mbio kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye jotoridi dogo. Mara nyingi ukitia joto, jotoridi hupanda, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Lakini kitu kinapoyeyuka, na kinapochemka, joto huingia na namba isisogee. Hilo ndilo joto fiche.

Linakwenda wapi? Molekuli za maji zimeshikana. Ili moja iondoke ikawe mvuke, lazima ing'olewe kutoka kwa wenzake, na kung'oa kunataka nishati. Joto lote la mkaa linaishia kwenye kazi hiyo, halibaki la kuongezea molekuli mwendo. Kwa kuwa kipimajoto kinasoma mwendo tu, kazi ya kung'oa hakiioni.

Na kazi yenyewe si ndogo. Kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 kunahitaji kilojuli kama 315 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Kuigeuza kilo hiyohiyo yote kuwa mvuke, ikiwa palepale kwenye nyuzi 100, kunahitaji kilojuli 2,260. Zaidi ya mara saba!

Kwa hiyo mama anayepika maharage asidhani kuchochea moto kutayaivisha upesi yakishachemka. Maji yatabaki nyuzi 100, na joto la mkaa wa ziada litatoka na mvuke dirishani. Apunguze moto, afunike sufuria, yatokote taratibu. Yataiva kwa muda uleule. Anayetaka haraka kweli atumie sufuria la presha, kwa sababu lile hufungia mvuke ndani, mgandamizo ukapanda, na maji yakachemkia karibu na nyuzi 120.

Nishati ile haijapotea, mvuke umeibeba. Ukikutana na kitu cha baridi unageuka maji tena na kuirudisha yote, kilojuli 2,260 kwa kila kilo. Hapo ndipo penye hatari ya mvuke wa sufuria la wali: ukigusa mkono, unakupa kwanza joto fiche, kisha unabaki kuwa maji ya moto ambayo nayo yanaunguza. Funua kifuniko kwa kukielekeza upande wa pili, uso wako uwe mbali.

Aliyeligundua jambo hili ni Joseph Black, aliyefundisha chuo kikuu cha Glasgow kule Uskoti katika miaka ya 1760. Hoja yake ilianzia kwenye theluji. Kama barafu ikishafika nyuzi sifuri ingehitaji joto kidogo tu ili iyeyuke, alisema, basi theluji yote ya majira ya baridi ingegeuka maji kwa mpigo mmoja na kuleta mafuriko makubwa. Mbona inachukua wiki nyingi? Lazima inakula joto kwa wingi bila jotoridi lake kupanda.

Sisi hatuna theluji Dar, ila tuna Feri. Wachuuzi wa samaki pale hufukia samaki kwenye barafu, na wako sahihi kuliko wanavyojua. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334, joto ambalo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Maji ya nyuzi sifuri yasingehimili hata saa za asubuhi. Barafu inaendelea kunywa joto la jua na la samaki, nayo yenyewe imetulia kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe.

Maji hayasubiri kuchemka ndipo yawe mvuke. Nguo zinakauka kwenye kamba na hakuna aliyezichemsha. Molekuli zenye mbio zaidi hutoka juujuu, na zinazobaki nyuma ni za polepole, yaani za baridi zaidi. Ndivyo jasho linavyotupoza: kila lita inayokauka mwilini huondoka na kilojuli kama 2,400. Angalia neno hilo, inayokauka. Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka chini limekupotezea maji bila kukupoza.

Hilo ndilo tatizo la fukuto letu. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Dar inakuwa imeshajaa unyevu wa bahari, haina nafasi kubwa ya kupokea mvuke mwingine, kwa hiyo jasho linabaki kwenye ngozi. Dodoma kipimajoto kinaweza kusoma namba ileile na usihangaike hivyo, maana hewa ni kavu na jasho linakauka kabla hujaliona. Daladala ikikwama kwenye foleni unaloa. Ikianza kutembea upepo ukaingia dirishani, unapumua. Hewa ni ileile, haijapoa. Kilichotokea ni kwamba upepo umefagia ile hewa yenye unyevu iliyokuzunguka. Pangaboi nayo inafanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana kuiacha inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme bure.

Mtungi nao unatoka jasho. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo, maji yanapenya mpaka nje, yanakauka, na joto fiche linachotwa kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Mwanafunzi wangu yule alikwenda kupapasa mtungi wa bibi yake, akakuta mkavu kabisa na maji yake ya vuguvugu. Kumbe ulipakwa rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni. Vitundu vimezibwa. Bibi ameshanunua mwingine, wa udongo mtupu, na safari hii wameuweka barazani, upande unaopitisha upepo.