Cheti cha DCI kimoja hakitoshi kila mwalimu

Walimu wengi wa Kenya wanaoomba viza ya kazi ya kwenda kufundisha Uingereza huamini kwamba cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya, kinamaliza kila kitu. Umelipa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, umechapisha fomu C24, umechukuliwa alama za vidole vyote kumi, basi.

Si hivyo. Uingereza haiulizi wewe ni raia wa wapi, inauliza umeishi wapi. Kila nchi uliyokaa miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umetimiza miaka 18, inadaiwa cheti chake. Na miezi hiyo si lazima ifuatane, hujumlishwa. Hapo ndipo watu hunaswa.

Tuseme mwalimu wa fizikia kutoka Kisumu alifundisha Doha miaka miwili, akarudi mwaka 2021. Leo anahitaji vyeti viwili, cha Kenya na cha Qatar. Hicho cha Qatar ndicho cha kuanza nacho mapema, maana kumfuatilia karani aliye ng'ambo si sawa na kupanga foleni Huduma Centre.

Wengine husema, "Si shule itanifanyia ukaguzi wa DBS, ule wa rekodi za uhalifu wa Uingereza, nikifika?" Itaufanya, ndiyo. Lakini DBS haioni rekodi za polisi wa nchi nyingine, na ndiyo maana Uingereza inataka karatasi za huko ulikoishi.