Nyoka wa Pompeii si Shetani

"Kumbe hawa watu walikuwa wanaabudu Shetani!" Nikiongoza mahujaji kutoka Afrika Mashariki, wakishamaliza Roma na kushuka kusini hadi Pompeii, mji wa Kirumi uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, hakuna maneno ninayoyasikia mara nyingi kuliko hayo. Husemwa mahali palepale kila safari: mbele ya kidaka cha ukutani ambacho chini yake amechorwa nyoka mkubwa. Wapo wanaokemea kwa sauti, na wapo wanaokataa kupiga picha. Nimeshalijibu hili kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naliandika, ili anayekuja aje akijua anachokwenda kutazama.

Tuanze na mchoro wenyewe. Nyumba ya Vettii ilifukuliwa kati ya 1894 na 1896, ikafungwa kwa miaka mingi ya ukarabati, ikafunguliwa tena Januari 2023. Kidaka chake cha miungu ya nyumbani, ambacho sisi tunaofanya kazi hapa tunakiita larario, ndicho maarufu kuliko vyote mjini. Hakiko mbele kwenye atrio kubwa anakopokelewa mgeni. Kiko kwenye ua mdogo wa huduma, mkono wa kulia, karibu kabisa na jiko. Kimejengwa kwa umbo la hekalu dogo lenye nguzo mbili na paa la pembetatu. Katikati amesimama mwanamume aliyevaa toga na kujifunika kichwa, kama Mrumi alivyofanya alipotoa sadaka. Mkono mmoja ameshika kisahani cha kumiminia divai, wa pili kijisanduku cha ubani. Huyo ni Genius, nguvu ya uhai ya mwenye nyumba, inayoendeleza ukoo wake. Kulia na kushoto kwake wako Lares wawili (mmoja huitwa Lar), miungu walinzi wa nyumba, vijana waliovaa kanzu fupi, wanacheza huku wameinua pembe za kunywea. Nyoka yuko chini yao, peke yake, ana kishungi kichwani na ndevu kidevuni.

Nyoka mwenye ndevu hayupo popote duniani. Fundi alimpa ndevu makusudi, ili anayetazama ajue kwamba huyu si nyoka wa vichakani. Ni mlinzi wa mahali. Katika michoro mingi ya aina hii wamo nyoka wawili, dume na jike, wakielekea madhabahu ndogo yenye mayai au koni za msonobari. Wanakuja kula kilichowekwa. Wataalamu bado wanabishana kama nyoka huyu ni roho ya mahali au ni sura nyingine ya Genius wa mwenye nyumba, na ubishi huo ulikuwapo tangu zamani. Katika shairi la Virgil, mshairi wa Kirumi, shujaa Aeneas anamwona nyoka akitoka kwenye kaburi la baba yake, anaonja sadaka, kisha anarudi ndani bila kumdhuru mtu. Aeneas anabaki akijiuliza: huyu ni mlinzi wa mahali hapa, au ni mtumishi wa baba yangu? Haogopi wala hakimbii. Anaongeza sadaka.

Tena nyoka hao hawakuchorwa kwenye vidaka peke yake. Walichorwa kwenye kuta za mitaani, kwenye njia panda, hata karibu na vyoo. Mshairi Persius, aliyefariki mwaka 62 BK, miaka 17 kabla ya Vesuvius kulipuka, anaitaja desturi hiyo waziwazi: chora nyoka wawili ukutani, nao vijana watajua mahali hapa ni patakatifu, wakakojoe kwingine. Katika jumba la makumbusho la Napoli upo mchoro uliotolewa kwenye ujia wa kwendea choo hapa Pompeii. Mtu amechuchumaa akijisaidia, nyoka wawili wako pande zake, mungu wa kike Fortuna amesimama karibu, na maandishi yanamwonya anayechafua mahali ajihadhari na balaa. Huyo ndiye nyoka ambaye wageni wangu wanamkemea: mlinzi wa ukuta na usafi.

Hofu yetu ya nyoka naielewa, maana nimekulia kwenye imani hiyohiyo. Lakini tazama miaka. Kitabu cha Ufunuo, ambacho ndicho kinachosema kwa maneno ya wazi kwamba yule nyoka wa zamani ni Ibilisi na Shetani, wasomi wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza, Pompeii ikiwa tayari iko chini ya majivu. Fundi aliyechora ukuta huu hakuwa na wazo hilo kichwani. Alilokuwa nalo ni la Kigiriki na Kirumi: nyoka ni mlinzi na mponyaji. Aesculapius, mungu wa tiba, alikuwa na nyoka wake, na mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa, aliyefariki katika mlipuko uleule wa mwaka 79, anaandika kwamba nyoka wa aina hiyo walilishwa majumbani mwa watu. Fimbo ya Aesculapius yenye nyoka aliyejizungusha iko leo kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani, na hakuna anayekataa chanjo kwa sababu yake.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote umetoka kwa Wakristo wenyewe. Tarehe 8 Novemba 392 Kaisari Theodosius, Mkristo, alitoa sheria ya kupiga marufuku ibada za zamani, hata zile za siri ndani ya nyumba. Sheria inataja kinachokatazwa: kumheshimu Lar kwa moto, Genius kwa divai, Penates, miungu ya akiba ya chakula, kwa harufu ya sadaka, kuwasha taa, kuweka ubani, kutundika mashada ya maua. Watu hao waliijua ibada hiyo vizuri, kwa kuwa majirani zao walikuwa wakiifanya, na walitaka iishe. Katika orodha hiyo nyoka hatajwi. Mkristo ana haki yake yote ya kuikataa ibada ya Lares, na wengi waliikataa kwa gharama kubwa. Basi aikatae ile iliyokuwapo, asiwatungie wafu ibada ambayo hawakuifanya.

Hoja inayofuata kwa wingi ni kwamba hapa ni mahali pa mizimu ya mababu. Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Baadhi ya Warumi wenyewe walidhani Lares ni roho za waliokufa. Lakini ibada ya wafu wa ukoo ilikuwa na mahali pake na siku zake. Makaburi yalikuwa nje ya malango ya mji, na unayaona hadi leo ukitokea Lango la Herculaneum. Parentalia, siku za kuwakumbuka wazazi, ziliangukia tarehe 13 hadi 21 Februari, na watu walitoka kwenda makaburini. Tarehe 22 ndugu walio hai walikaa pamoja kula, na ndipo Lares walipopewa fungu lao. Kazi ya Lar ilikuwa na watu walio hai wa nyumba, watumwa wakiwamo. Kijana aliyeacha utoto alimwachia hirizi yake ya shingoni. Bibi arusi alipoingia nyumba ya mumewe alimletea sarafu. Katika Nyumba ya Menander kuna vinyago vya vichwa vinavyodhaniwa kuwa vya mababu, lakini vina kidaka chao kwenye bustani ya ndani, na nyumba hiyohiyo ina larario nyingine kwenye atrio. Wenye nyumba walitenganisha mambo hayo, nasi tuyatenganishe.

Wapo pia wanaotafuta "chumba cha ibada" kama kanisa dogo, na wasipokiona wanadhani nyumba haikuwa na dini. Hapa nina ushauri mmoja ambao kila kikundi changu kinaujua: ukiingia nyumba ya Pompeii, tafuta jiko kwanza. Vidaka vingi na michoro mingi ya Lares viko jikoni au karibu nalo, kwa sababu meko ndiyo yaliyokuwa makao ya Lar. Cato Mzee, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 2 KK, anamwagiza mtumwa wa kike anayesimamia nyumba ya shamba atundike shada la maua juu ya meko siku za Kalendae, Nonae na Idus, siku tatu maalumu za kila mwezi wa Kirumi, na kila sikukuu, kisha amwombe Lar riziki. Ibada ilikuwa mikononi mwa mpishi kama ilivyokuwa mikononi mwa bwana. Nyumba nyingine zilikuwa na zaidi ya moja. Nyumba ya Vikupido vya Dhahabu ina kijihekalu cha Lares upande mmoja wa bustani, na kwenye kona nyingine ukuta uliochorwa miungu ya Misri: Isis, Serapis, Harpocrates na Anubis mwenye kichwa cha mbwa. Katika Nyumba ya Kuta Nyekundu wafukuaji walikuta sanamu za shaba za Lares wawili zikiwa pamoja na za Apollo, Aesculapius, Hercules na Mercury. Kila nyumba ilijichagulia walinzi wake.

Ukilipata jiko, usishangae udogo wake wala choo kuwa ubavuni mwake. Ndivyo lilivyokuwa hata kwa matajiri. Kwa Vettii vyungu vya shaba vilikutwa vingali juu ya meko.

Ramani ya vitabu vya shule nayo inanisumbua: atrio, nyuma yake tablino, chumba cha kazi cha bwana, kisha bustani yenye nguzo, na kila chumba kina kazi moja isiyobadilika. Nyumba ya Vettii, inayopigwa picha kuliko nyingi, haina tablino kabisa. Kwenye atrio zinazodhaniwa kuwa kumbi za fahari tupu, wafukuaji wamekuta makabati ya vyombo na vidonge vizito vya kukaza nyuzi za mitambo ya kufumia. Watu walifuma, walihifadhi na walipokea wageni mahali pamoja, na vitanda vya kulalia vilihamishwa kufuata jua na majira.

Wapo pia wanaoulizia "vomitorium", wakidhani ni chumba cha kutapikia wakati wa karamu. Hapakuwa na chumba hicho. Vomitoria ni njia za kutokea watazamaji katika majumba ya michezo.

Majina ya nyumba nayo yasikupotoshe. Mengi yalitungwa na wafukuaji. Nyumba ya Mshairi wa Tanzia, iliyofukuliwa 1824, hatujui kama iliwahi kukaa mshairi. Jina limetoka kwenye mapambo yake, likiwamo la waigizaji wanaojiandaa kwa tamthilia. Kwa Vettii tuna bahati zaidi: kwenye atrio, karibu na kasha la fedha, zilipatikana mihuri ya shaba yenye majina ya Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, watu wanaodhaniwa kuwa watumwa walioachwa huru, na ndio wanaoaminika kuwa wenye nyumba.