Majani ya mstafeli na saratani ya titi

Kwa miaka mingi tumetumiana ujumbe uleule: majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko tibakemikali, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani. Namba hiyo ilitoka maabara mwaka 1996, kwenye seli zilizooteshwa ndani ya kisahani. Hazikuwa hata seli za titi bali za utumbo mpana, na kemikali yenyewe ilitolewa kwenye mbegu, si majani.

Je, mimea haitoi dawa ya saratani? Hutoa, na wanaodharau miti shamba yote wanakosea. Dawa ya paklitakseli, wanayotundikiwa wagonjwa wengi wa saratani ya titi, asili yake ni magamba ya mti Taxus brevifolia wa magharibi mwa Marekani. Magamba yalikusanywa 1962. Idhini ya kutibu saratani ya titi ilikuja 1994. Miaka 32 ya kuichuja, kutafuta kipimo kisichoua, na kuijaribu kwa wagonjwa. Tena haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo kuchemsha magamba yale kusingemsaidia mtu.

Mama anayekunywa maji ya majani ya mstafeli miezi mitatu kwanza kabla ya kwenda hospitali, uvimbe wake unakua huku sufuria ikitokota.