172 kwa 40, na mzee akabaki na kiti chake

Nianze na namba maana ndiyo inayowachanganya watu. Tarehe 28 Juni 2016, siku tano tu baada ya Waingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, wabunge wa Labour, chama kikuu cha upinzani wakati huo, walipiga kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wao Jeremy Corbyn, 172 wakamkataa na 40 wakamtetea. Mzee akatoa taarifa kwamba haendi popote, kura yenyewe haina nguvu kikatiba, na Septemba akagombea tena akashinda kwa kura nyingi kuliko alizopata mwanzo. Ukimsimulia mtu hapa Kijenge, Arusha, anakuuliza sasa hao wabunge walikuwa wanafanya nini, maigizo?

Mimi kazi yangu ni katiba za vikundi: saccos, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), jumuiya, mara moja moja na vyama vya siasa wakinikumbuka (hasa siku moja kabla ya uchaguzi, wakati maji yameshafika shingoni). Kwa hiyo ule ugomvi niliufuatilia kwa ajili ya kitabu chao cha kanuni zaidi kuliko mambo ya Ulaya, na mpaka leo naona watu wanausimulia kwa kuanzia mahali pasipo penyewe. Wanauliza Corbyn alifanya kampeni vizuri au vibaya. Ni swali zuri, ila siyo lililoamua.

Hata hivyo tulipitie, maana wabunge hawakuzua tu. Msimamo wa chama ulikuwa kubaki Ulaya, lakini Corbyn mwenyewe alikuwa na historia, kwenye kura ya maoni ya 1975 alipiga kura ya kutoka. Halafu wiki mbili kabla ya kura akaenda kwenye kipindi cha vichekesho cha TV, akaulizwa mapenzi yake kwa Umoja wa Ulaya ni ngapi juu ya kumi, akasema saba, au saba na nusu. Yaani wewe ndiye kapteni wa timu halafu unasema timu yenu mnaipenda saba na nusu! Binafsi naona alisema ukweli wake tu, na wapiga kura wengi nadhani walikuwa hapo hapo kwenye saba, lakini wabunge waliokuwa mtaani wanagonga milango waliumia. Na asubuhi ya tarehe 24, matokeo yametoka 51.9 kwa 48.1, watu bado wanalia, akasema kwenye TV kwamba ule mchakato rasmi wa kutoka uanze sasa hivi. Hapo ndipo wengi walipomalizana naye.

Upande wake nao wana hoja, tena nzito. Utafiti wa Ashcroft, mtu wa kura za maoni kule kwao, wa siku ya kura ulionyesha asilimia 63 ya waliokuwa wapiga kura wa Labour walichagua kubaki, wakati wale wa SNP ya Scotland, chama kilichosifiwa kwa kuipenda Ulaya, walikuwa 64. Tofauti ni moja tu! Na wa Conservative, chama cha waziri mkuu David Cameron aliyeitisha kura yenyewe, wengi walimkataa, asilimia 58 walitaka kutoka. Sasa ukipima kazi ya kiongozi kwa watu wake waliomsikiliza, nani kafeli? Cameron alitangaza kujiuzulu asubuhi ile ile. Lakini tarehe 29 akasimama bungeni laivu akamwambia Corbyn aondoke kwa ajili ya nchi, mtu aliyefeli mtihani wake anamsahihishia mwenzake.

Turudi kwenye purukushani yenyewe. Usiku wa Jumamosi kuamkia tarehe 26 gazeti likaandika kwamba Hilary Benn, waziri kivuli wa mambo ya nje, anawapigia wenzake simu kupanga namna ya kumng'oa mzee. Usiku huo huo wakaongea kwa simu, Corbyn akamfukuza. Asubuhi Heidi Alexander wa afya akajiuzulu, halafu mwingine, halafu mwingine, kila baada ya muda barua mpya mtandaoni, mpaka ndani ya siku chache karibu theluthi mbili ya baraza kivuli limeondoka. Mmoja wa waliojiuzulu nafasi za chini alikuwa Keir Starmer, mkumbuke hilo jina.

Hesabu yao ilikuwa rahisi: tukiondoka wote atabaki peke yake, aibu itamtoa. Nimeiona hesabu hiyo hiyo kwenye AMCOS moja ya kahawa upande wa Meru, wajumbe sita wa bodi wamejiuzulu kwa mpigo ili mwenyekiti aone haya, mwenyekiti akafungua katiba ukurasa ule unaosema anachaguliwa na kuondolewa na mkutano mkuu, akaifunga, akaagiza chai. Wakulima walikuwa wake, bodi ndiyo ilikuwa ya hao sita. Aibu haijaandikwa kwenye kifungu chochote jamani.

Na Labour ni hivyo hivyo. Zamani kiongozi wao alichaguliwa kwa mafungu matatu, theluthi moja ya uzito ikiwa mikononi mwa wabunge, theluthi wanachama, theluthi vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2014 chini ya Ed Miliband wakafuta mafungu hayo, kila mwanachama kura moja, mbunge naye kura yake moja kama mama muuza maua wa jimboni kwake. Wabunge wakabakiziwa geti tu: kugombea lazima asilimia 15 yao wakudhamini. Mwaka 2015 geti hilo lilikuwa watu 35, Corbyn akapata 36 dakika za mwisho kabisa, na baadhi ya waliomdhamini walisema wazi hawatampigia kura, wanataka tu mjadala upanuke. Mama Margaret Beckett, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, baadaye alijutia hadharani. Mlinzi kafungua geti kwa huruma, mgeni kaingia kapewa nyumba.

Kwa hiyo ile 172 kwa 40 kikanuni ilikuwa maoni tu. Kwa Conservative ingekuwa hadithi nyingine, kule wabunge wakisema hapana umeondoka. Labour kilichokuwepo ni kifungu kwamba anayetaka kumpinga kiongozi aliyepo adhaminiwe na asilimia 20 ya wabunge wa chama walioko bunge la London na wale wa bunge la Ulaya, kama watu 50 hivi. Kifungu hakikusema kama kiongozi mwenyewe naye atafute wadhamini. Hapo ndipo kesi nzima ilipolala! Rudi kwenye namba: waliomtetea walikuwa 40, geti ni 50. Angeambiwa naye achukue fomu azungushe, jina lake lingeweza kukatwa kabla mwanachama mmoja hajapiga kura.

Tarehe 12 Julai halmashauri kuu yao ikakaa, wanasheria kila upande wana maoni yao, ikapigwa kura ya siri: 18 wakasema anaingia moja kwa moja, 14 wakasema hapana. Wangegeuka watatu tu tungekuwa tunasimulia mengine. Mfadhili mmoja wa chama akakimbilia Mahakama Kuu, jaji akasema tarehe 28 Julai kwamba kifungu kinawahusu wanaopinga, na aliyekalia kiti hajipingi mwenyewe. Sentensi moja iliyoandikwa kivivu miaka ya nyuma, nchi nzima inaihangaikia. Mimi nikiona hivyo nafurahi kiukatili kidogo, ndiyo mkate wangu.

Baada ya hapo kilichobaki ni kuhesabu kadi. Waliojiunga baada ya tarehe 12 Januari walizuiwa kupiga kura, wakashtaki wakashinda, rufaa ikawageuzia. Wasio wanachama wakafunguliwa dirisha la siku mbili walipe pauni 25, na zaidi ya watu 180,000 wakajitokeza. Angela Eagle alianza mbio akajitoa, akabaki Owen Smith. Matokeo Septemba 24: Corbyn 313,209, Smith 193,229. Kule kwetu waliokatwa kwenye kura za maoni za CCM mwaka 2020 walisema wajumbe si watu, kule wabunge waligundua wanachama ni watu, tena wengi.

Jirani zetu wa Kenya walipitia kitu kama hicho kwa kugeuza. Novemba 2005 katiba mpya ilikataliwa kwa asilimia 58, kambi ya ndizi (alama ya Ndiyo) ya Rais Kibaki ikapigwa na kambi ya chungwa (alama ya Hapana) iliyokuwa na mawaziri wake mwenyewe akina Raila. Siku mbili baadaye Kibaki akavunja baraza zima, na alipounda jipya watu wa chungwa wakabaki nje, chungwa likawa chama. Kule London mawaziri kivuli walijifukuza wenyewe wakidhani ni silaha.

Na kazi ya Corbyn ilikuwaje basi? Juni 2017 kwenye uchaguzi mkuu akapata asilimia 40, viti 30 zaidi, Conservative wakapoteza wingi wao bungeni. Desemba 2019 akaanguka mpaka viti 202, kiasi kidogo kuliko chochote tangu 1935. Mtu yule yule, chama kile kile, chagua mwaka unaoutaka.

Vita ilihamia kwenye kanuni. Kambi ya Corbyn ilishusha geti kutoka asilimia 15 hadi 10 mwaka 2017, Starmer aliyemrithi akalipandisha hadi 20 mwaka 2021. Siku hizi kitabu kinasema wazi kwamba kiongozi aliyepo hahitaji wadhamini, hakuna tena wa kwenda mahakamani kwa hilo.

Watu wananiuliza mbona kwetu hatuoni wabunge 172 wakimgeuka kiongozi mchana kweupe. Huku mvutano ukiwa mkali unaisha kwenye mkutano mkuu, kama Januari 2025 kwenye uenyekiti wa CHADEMA Lissu alivyompita Mbowe wa hapo Hai kwa 513 kwa 482, walioamua ni wajumbe. Mbunge kuinuka peke yake ni hatari, kwa sababu ibara ya 71 ya katiba yetu inasema ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka bungeni, kiti umekipoteza. Wale 172 hawakuwa na hofu hiyo, Corbyn hata angetaka asingeweza kuwavua ubunge. Na kisu kilikata kote kote: chama kilipomtupa yeye nje, Julai 2024 akasimama Islington North kama mgombea binafsi na akashinda. Kwetu mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Mtikila alilipeleka suala hilo Mahakama ya Afrika, hii hii iliyo hapa Arusha barabara ya Dodoma, akashinda Juni 2013, na katiba bado inataka udhaminiwe na chama.