Saa Tano Ndovu Wanakunywa, Saa Saba Mtoto Analala

Baba mmoja wa Kisauni, Mombasa, alinitumia mpango wake wa Jumamosi ya Nairobi, umepangwa kama ratiba ya mashindano ya shule: saa tatu twiga, saa tano ndovu, saa saba makumbusho, saa tisa msitu wa Karura, magharibi madukani. Chini kabisa, kama jambo lililokumbukwa mwishoni: "Watoto wawili, mmoja wa miaka miwili, mwingine wa miezi minane."

Nikampigia. "Mwalimu," akaniambia (wengi huniita hivyo kwa sababu nilifundisha chekechea kabla ya kuingia kazi hii ya kutembeza familia), "siku zenyewe ni mbili tu. Si tuone yote?"

Nikamuuliza yule wa miaka miwili hulala mchana saa ngapi. Akanyamaza, kisha nikamsikia kwa mbali akimuuliza mkewe.

Hapo ndipo ninapoanzia kila safari. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 mpaka 14 kwa siku, na sehemu yake ni ule wa mchana. Usipompa kitandani atauchukua mwenyewe garini, saa kumi na moja jioni, mmekwama kwenye msongamano wa Barabara ya Lang'ata. Kisha saa nne usiku atakuwa macho makavu, anaruka kitanda cha hoteli, nanyi wawili hamna hata nguvu ya kumkaripia. Kwa hivyo mimi hupanga jambo moja kubwa asubuhi, halafu nyumbani. Nyumbani, yaani mlikofikia, na pawe karibu. Wageni wengi hutafuta chumba katikati ya jiji kwa kuwa ni rahisi kufika, kumbe vitu vinavyowavutia watoto wadogo viko upande wa kusini, Lang'ata na Karen. Laleni huko huko.

Jumamosi ni ya ndovu. Kituo cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, hupokea wageni kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na lazima muwe mmeweka nafasi mapema. Msiende mkabahatisha getini. Mtasimama nyuma ya kamba, juani, kisha ndovu yatima watakuja mbio kutoka kichakani kama watoto wa shule waliosikia kengele ya uji. Watunzaji waliovaa makoti ya kijani wanawangoja na chupa kubwa za maziwa, na chupa nzima huisha kabla hujatoa simu kupiga picha. Baada ya hapo ni matope na vumbi.

Kuna habari moja ninayopenda kuwasimulia kina mama wakati huo. Ndovu mchanga hutegemea maziwa kwa miaka kama mitatu ya kwanza, na maziwa ya ng'ombe hayamfai. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika linaloendesha kituo hicho mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, alihangaika miaka mingi kabla hajapata mchanganyiko unaomkubali mnyama huyu. Siri ilikuwa mafuta ya nazi. Mama wa Kisauni aliposikia alicheka mpaka mtoto akatikisika mgongoni: "Kumbe hata ndovu wa bara wanalelewa kwa nazi!" Na watoto waambieni kwamba watunzaji hulala usiku na ndovu wale wadogo mabandani, kwa sababu hawapendi kulala peke yao. Mtoto wa miaka miwili analielewa jambo hilo kuliko mtu mzima.

Mbebeni mdogo kwa leso au kibebeo, kigari kiacheni garini. Mvalisheni kofia pia. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, baridi yake hudanganya, na jua la saa sita huchoma hata upepo ukiwa mtamu. Usiku mambo hugeuka: Julai na Agosti watoto wa Pwani hutetemeka kwelikweli, basi sweta, soksi na kofia ya sufu visikosekane. Maji ya kunywa yatieni kwenye chupa ya kutumia tena na tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya serikali, na mimi mwenyewe, eti mtaalamu, niliwahi kurudishwa garini na katoni nzima ya maji ya dukani. Nepi chafu zina mfuko wake wa kitambaa. Mtoto wa chini ya miezi sita hana haja ya maji, anyonye tu.

Saa saba, chakula na kulala. Jioni, uwanja wa hoteli wenye nyasi unatosha. Nasema kweli: mtoto aliyeona ndovu asubuhi hufurahia bomba la kumwagilia bustani jioni kwa kiwango kile kile.

Jumapili saa tatu, kituo cha twiga kinapofunguliwa, muwe pale, maana asubuhi wana hamu ya kula. Kuna jukwaa la juu linalomweka mtoto usawa wa uso wa twiga, naye hupewa chakula cha vidonge kiganjani. Yule wa miaka miwili alifungua mkono, ukaja ulimi mweusi wa zambarau, wa sentimita kama 45, ukafagia. Akakitazama kiganja chake kilivyolowa ute, akamtazama babake, akakipangusa kwenye buibui la mamake, kisha akanyoosha mkono tena. Msimpe twiga mgongo tu, hupiga kwa kichwa.

Makumbusho ya Taifa nayaweka akiba ya mvua. Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ya miaka milioni moja na nusu, ni hazina ya dunia, lakini kwa mtoto wa miaka miwili ni mifupa. Atakachokumbuka ni sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais mwaka 1970. Kwenye bustani ya Arboretum kuleni garini kwanza: tumbili mmoja aliwahi kumpokonya binti yangu ndizi mdomoni, na mpaka leo akiona ndizi hugeuka nyuma kwanza.

Nililojifunza kwa muuguzi mmoja: mtoto wa Pwani akipata homa akiwa Nairobi, mwambieni daktari mapema kwamba mmetoka Pwani. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, kwa hivyo huenda aliibeba kutoka nyumbani.

Kwa treni ya kutoka Mombasa, epukeni ile ya usiku. Huwashusha Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla hata ya adhana ya alfajiri, mna mabegi na watoto waliolegea kama nguo mbichi. Ya mchana huchukua saa tano au sita, na mtoto wa chini ya miaka mitatu hapakatwa bila nauli. Mkirudi Jumapili alasiri, kutoka Lang'ata shikeni barabara ya Southern Bypass mpaka Barabara ya Mombasa, mfike saa nzima kabla. Stesheni mtapanga mabegi chini kwa mstari, mkae kando, na mbwa wa polisi apite akinusa moja moja. Toeni kwanza chupa ya uji.

Baba wa Kisauni alisahau. Mbwa alipitiliza, lakini mwanawe alipiga kelele za furaha kuliko za ndovu na twiga pamoja, na huko Mombasa, alipoulizwa na nyanyake ameona nini Nairobi, akajibu: "Mbwa!"